Mwaka Niliodhani ni Utani

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida, bila mto. Aliyepita nilikopita mimi ataelewa kwa nini nimeanza na jambo hilo. Kuna kipindi nilikuwa siwezi kukaa ila kwa ubavu, na kila nyumba niliyoingia macho yalitangulia kutafuta choo kiko upande gani. Sasa nakaa. Nimeona niandike mapema, kwa sababu mwili una tabia ya kusahau maumivu, na mtu akishasahau hawi tena na msaada kwa mwenzake.

Mimi ni mtu mwoga. Naogopa radi, naogopa barua zenye muhuri, naogopa mtu akibisha hodi mara moja halafu akanyamaza. Ungedhani mwoga wa namna hii ndiye angekuwa wa kwanza kukimbilia hospitali. Wapi! Mwoga huogopa kupimwa kuliko anavyoogopa kuumwa, na mimi nilikuwa fundi wa kutafuta sababu za kutokwenda.

Wakati mambo haya yanaanza nilikuwa na miaka thelathini na minane. Mimi na mume wangu Damiani tulikuwa wafanyakazi wa kiwanda hapa Morogoro, yeye kwenye mitambo, mimi kwenye ushonaji. Kiwanda kilipouzwa kwa mwenye fedha zake tulipunguzwa sote siku moja. Nikaweka cherehani barazani kwetu Mafiga, nikawa nashona sare za shule na magauni ya kicheni pati, mtindo ambao ulikuwa umeingia kutoka Dar na kila bibi harusi aliutaka. Kiwandani tulikuwa na zahanati yetu. Mara moja kwa mwaka wanawake tulipangwa foleni tukapimwa, na kila mwaka nilinung'unika kwamba wanatupotezea muda. Baada ya kupunguzwa hakuna aliyenipanga foleni tena, na mimi nikaona nimepumzishwa.

Mtu wa pili wa kumjua katika habari hii ni Felista. Ni nesi kwenye kliniki ya akina mama na watoto hapo mtaani, na zaidi ya hayo ni mtani wangu. Sisi Waluguru tuna utani wa koo kwa koo, na ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, ya kukunyang'anya nyama mezani, ya kukwambia unanuka, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeharibu. Unachotakiwa ni kurudisha tusi kubwa zaidi. Felista hakuwahi kubisha hodi kwangu. Alikuwa anasimama uani na kuuliza kwa sauti, "Maiti ipo?" Nami ninamjibu, "Ipo, inakusubiri uioshe, maana kazi nyingine huijui."

Ndivyo tulivyoishi miaka yote, na nilimpenda sana.

Damu ilianza kipupwe. Haikuwa nyingi. Ilikuwa ya kuweka doa tu, katikati ya mwezi, siku ambazo haikutakiwa kuwepo, na mara nyingine baada ya kukutana na mume wangu. Nilimweleza mama yangu, aliye Kinole huko mlimani, naye akasema ni mchango, ugonjwa wa tumbo la uzazi usiojulikana hospitali, ndio unaokula wanawake wa umri wangu. Akaniletea mizizi imefungwa kwenye jani la mgomba. Nikaichemsha, nikanywa. Damu ikakata wiki mbili, nikatangaza ushindi, ikarudi.

Siku moja, tukiwa barazani na wateja wangu watatu wanasubiri magauni, Felista akapita akitoka kazini. Alikuwa amerudi karibuni kutoka kwenye mafunzo Dar es Salaam, na mafunzo yenyewe yalihusu saratani ya mlango wa kizazi. Nikamwambia, "Mtani, siku hizi nakwenda mwezini mara mbili kwa mwezi. Mwezi wenyewe umenichoka."

Felista akapiga makofi. "Ndiyo ujue umeanza kuoza! Njoo kliniki nikuchungulie, nione kama humo ndani bado mna mtu au wamehamia popo."

"Wewe unichungulie? Si utaniibia!"

Wale wateja walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Felista naye akaondoka anacheka, na mimi nikaendelea na pindo langu.

Hebu tazama kilichotokea hapo. Mimi nilisema kweli, lakini kwa utani. Naye alinijibu kweli tupu, ile aliyofundishwa darasani, lakini kwa utani. Wale wateja watatu, walipopeleka watoto kliniki kesho yake, aliwaambia kwa sauti ya unesi waende hospitali ya mkoa wapime mlango wa kizazi, na wawili walikwenda. Mimi nilikwisha kuambiwa kwa sauti ya mtani, na neno la mtani halibebwi kwenda nalo nyumbani. Felista ananiapia mpaka leo kwamba alidhani nataka kuwachekesha wateja. Simlaumu. Nilitaka kuwachekesha, na nilitaka anisikie, na sikujua kwamba vyote viwili haviwezekani kwa pumzi moja.

Ukapita karibu mwaka.

Katika mwaka huo nilijifunza kuvaa kanga mbili ndani. Nilijifunza kununua marashi makali, kwa sababu palikuwa na harufu ambayo haikuwa yangu, na nilioga mara tatu kwa siku na haikutoka. Kiuno kikaanza kuuma, nikasingizia cherehani. Damiani akawa anachelewa kuingia chumbani, na mimi nikawa najifanya nimeshalala, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kila nilipomwona Felista nilikuwa nataka kusema, na mdomo ulipofunguka kilichotoka kilikuwa tusi la utani, kwa mazoea. Yeye akacheka. Nikarudi ndani na hofu yangu ileile.

Mambo yalijulikana kwenye ibada ya jumuiya, nyumbani kwa jirani, masika yalipokuwa yamekolea. Tulikuwa tumekaa mkekani. Tuliposimama kwa ajili ya sala ya mwisho nilihisi umajimaji mguuni, na nikajua kabla sijatazama. Doa lilikuwa kwenye mkeka wa watu, kubwa kama sahani. Felista alikuwa nyuma yangu. Nilifumba macho nikisubiri, kwa sababu mtani akipata kitu kama hicho atakitumia mpaka Krismasi, na ni haki yake.

Hakusema neno. Alivua kanga yake ya juu akanifunga kiunoni, akaukunja ule mkeka upande mmoja, akanishika mkono tukatoka wakati wenzetu bado wamefumba macho. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulitembea mpaka kona ya kliniki. Halafu akasimama, akaniuliza, "Agnesi, imeanza lini?"

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu nimfahamu. Naweza kusema kwamba hiyo ndiyo siku niliyoambiwa nina saratani. Karatasi zilikuja baadaye.

Kesho yake asubuhi alinipeleka mwenyewe hospitali ya mkoa, akakaa nami kwenye benchi. Nitasema ukweli kuhusu kipimo, maana najua ndicho kinachowakimbiza wengi. Unapanda kitanda, unakunja magoti, unaingiziwa chombo cha baridi, na unatazama dari. Ni aibu. Ni aibu ya dakika chache. Mimi niliyeogopa kitu hicho mwaka mzima nilishuka kitandani nikauliza, "Ni hicho tu?" Daktari mwanamke alikuwa anaandika. Alikuwa amekata kinyama kidogo cha kupeleka Dar, na aliandika muda mrefu mno.

Tulisubiri majibu wiki tano. Watu husema kusubiri kunachosha. Mimi kulinifanya mkorofi. Niligombana na muuza maji, niligombana na wanangu wawili, Yohana na Pius, kwa kosa la kula wali kwa kelele. Nilishona mkono wa kushoto wa gauni la mtu upande wa kulia, nikafumua, nikashona vilevile tena. Kila asubuhi nilitazama mlima ulio juu ya mji wetu. Ukiwa umefunikwa na mawingu nilisema leo majibu hayaji, ukiwa wazi nilisema leo yanakuja, nikatamani mawingu yarudi.

Yalikuja siku ya mawingu. Daktari alisema ni saratani, imetoka kidogo kwenye mlango wa kizazi lakini haijafika mbali. Alisema upasuaji hautatosha, niende Dar kwa mionzi, na upesi. Damiani akauliza swali moja tu. "Atapona?" Daktari akasema, "Angekuja mwaka jana ningekujibu kwa haraka zaidi." Sikumtazama Felista, naye hakunitazama.

Ungedhani kesho yake tulipanda basi. Hapana, kwanza ilibidi twende Kinole.

Asiye Mluguru huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Kwetu ukoo unafuata kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba ya ukoo hupita kwa wanawake. Mama yangu alizaa binti mmoja tu, mimi, na mimi nilizaa wavulana wawili. Watoto wa Yohana na Pius watakuwa wa ukoo wa wake zao. Mionzi ingemaliza uzazi wangu, na mlango wa mama yangu ungefungwa hapo. Jambo kama hilo haliamuliwi na mume. Anaitwa mjomba.

Tulikaa ndani kwa mama, mvua ikidunda juu ya bati. Damiani, ambaye ni mtu wa Songea, alikaa karibu na mlango kama mkwe anavyotakiwa, bila ruhusa ya kusema. Mama alikuwa anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Felista alikuja nasi bila kualikwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mionzi ikipita, utazaa?"

"Sitazaa."

"Watoto unao wangapi?" Alijua vizuri sana.

"Wawili."

"Wa kike?"

Mjomba si mtu mbaya, naomba aeleweke. Alisema kwa upole kwamba damu imetoka mwaka mzima na bado natembea, kwa hiyo si ugonjwa wa kukimbiza. Alimjua mganga wa mchango huko Tegetero. Nitumie dawa mpaka masika mengine, nipate binti, halafu ndipo niende kwenye hiyo mionzi. Na mimi mwoga, naona aibu kusema, moyo wangu ulitulia. Nilitaka mtu yeyote aniambie nisiende, nikawa tayari kusema ndiyo.

Felista akacheka. Akacheka kwa nguvu, katikati ya kikao cha ukoo wa watu, kwa kuwa yeye peke yake mle ndani alikuwa na ruhusa hiyo.

"Nyie watu wa ukoo huu akili zenu mliziuza pamoja na ndizi! Kuku anakufa, nyie mnagombea yai. Haya, mwacheni. Mimi mtani nitafurahi. Nitakuja kula wali wa msiba hapa, nitalala kwenye kitanda cha mama, na kanga zote za huyu mgonjwa wenu nitazibeba. Mjomba, wewe utaniandalia jogoo gani? Yule mwekundu?"

Mjomba hakuwa na la kufanya. Mtani akisema huwezi kununa. Alijilazimisha kutabasamu, kisha tabasamu likamtoka usoni, kwa sababu alikuwa amemuona yule jogoo na ule msiba. Felista alikuwa anacheka bado, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

Hapo ndipo mama yangu alipoweka ungo chini. Ni mwanamke asiyepaza sauti, na hakuipaza. "Mimi nilimzaa huyu," akasema. "Sikuzaa ukoo."

Tulipoondoka mjomba alitusindikiza mpaka barabarani na mkungu wa ndizi begani, akampa Damiani, akamwambia, "Mfikishe."

Nilipigwa mionzi ishirini na mitano ya nje, na mitatu ya ndani. Siwezi kuhesabu kipindi kile kwa tarehe, nakihesabu kwa mionzi. Mionzi yenyewe haiumi, unalala tu na mashine inanguruma, na kazi kubwa ni benchi. Tulikaa kwenye benchi wanawake wa kila mkoa, kila mmoja na faili lake na kanga ya kukalia, na swali la kwanza lilikuwa sikuzote hilohilo: "Wewe wa ngapi leo?" Ukijibu wa ishirini unaangaliwa kwa heshima.

Kufikia wa saba tumbo lilianza kuendesha na halikuacha. Kufikia wa kumi na mbili kukojoa kulikuwa kama kumwagiwa pilipili. Ngozi ya makalio ikawa nyeusi tii ikachubuka, nywele za huko chini zikakatika zote, na joto likaanza kunipanda kifuani ghafla, jasho likanitoka kama mpishi wa shughuli, kumbe ndiyo ilikuwa hedhi inaniaga moja kwa moja. Nililia kwa ajili ya hedhi. Nilikuwa nimeichukia mwaka mzima, na ilipoondoka nililia.

Kitanda cha jirani alikuwepo mkulima wa mpunga kutoka Dakawa, tulimwita Mama Hidaya. Ndiye aliyenifundisha kukalia beseni la maji ya uvuguvugu, na ndiye aliyenimenyea machungwa. Yeye alikuwa amevuja damu miaka mitatu kabla ya kwenda kwa daktari. "Mashamba hayangoji," aliniambia. Alirudishwa nyumbani kabla mionzi yake haijaisha. Niliuliza mara moja tu, muuguzi akatazama pembeni, na sikuuliza tena.

Huku nyuma Mafiga walikuwa wamenizika kwa ugonjwa mwingine. Miaka ile mwanamke akikonda, jibu lilikuwa moja, na mtu hakuhitaji kulitamka. Alishusha sauti tu. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Damiani aliulizwa na rafiki yake kama na yeye ameshapima. Alinieleza hayo baadaye sana. Wakati ule alikuwa anakuja kila Jumamosi na basi la asubuhi, anakaa pembeni ya kitanda hana la kusema, na mimi namkasirikia kwa sababu hana la kusema. Jumamosi moja aliinama akavuta lile beseni la kanga zangu chafu kutoka chini ya kitanda, akaenda nalo bombani walikokuwa wanafua wanawake, akakunja shati na kuzifua moja moja mpaka maji yakatoka meupe. Wanawake walimwachia nafasi. Mwanaume wa Songea huyo, ambaye leso yake mwenyewe hakuwahi kuifua. Nilimtazama kupitia dirishani na hasira yote ikaniisha.

Nilirudi Morogoro vuli ilipoanza, nikiwa na uzito wa mtoto wa shule. Waliodhani nimekuja kufa nyumbani walileta unga na sukari mapema.

Sikufa. Lakini nisiwadanganye, kupona nako ni kazi. Mwili wa ndani ulikuwa umebana na kukauka, na mimi na Damiani tulikaa zaidi ya mwaka kama kaka na dada. Kila mmoja alikuwa anaogopa kumuumiza mwenzake. Tulirudi pole pole, kwa maneno kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kuongea habari hizo taa ikiwa inawaka. Kila miezi mitatu nilirudi Dar kuangaliwa, kisha kila miezi sita. Wiki moja kabla ya safari chakula kilikuwa hakishuki. Nikiumwa kiuno, imerudi. Nikikohoa, imefika kifuani. Hofu hiyo bado ninayo na nadhani nitazeeka nayo.

Mwaka wa tatu Felista aliniomba nikaongee kliniki. Njia mpya ya kupima ilikuwa imeshafika kwao, ya kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuona palepale kama kuna sehemu inageuka nyeupe, na alitaka wanawake wajitokeze. Nikasimama mbele yao nikaeleza kama ninavyoeleza hapa. Sikuficha harufu, sikuficha beseni. Nilipomaliza, msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono. Hakuniuliza mimi.

"Samahani, sista. Na wewe umeshapima?"

"Mimi?" Felista akajishika kiuno. "Mimi saratani ikiniona inakimbia! Itakaa wapi na mdomo huu?"

Ukumbi wote ukacheka. Mimi sikucheka. Kicheko kile nilikuwa nakijua, niliishi ndani yake mwaka mzima.

Nilimsubiri mpaka wote wakaondoka. Alikuwa anapanga vyombo kwenye sinia, akaanza, "Maiti, bado upo tu?" Nikamwambia, "Felista." Basi, jina tu. Aliweka sinia chini.

Alikuwa hajapima. Miaka yote hiyo, wanawake wote hao, na yeye hajawahi kupanda kile kitanda. Alisema wote wenye uwezo wa kumpima hapa mjini ni watu aliowafundisha kazi, atawaonaje kesho yake? Nikasema tutakwenda Dar. Akasema kliniki haina mtu. Nikasema kliniki itafungwa. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Nilikuona wewe, Agnesi. Nilikuona wewe, ndiyo maana siwezi."

Wewe unayesoma, kama unayo sababu yako ya kutokwenda, nakusihi uiseme mbele ya mtu mmoja asiyecheka. Itoe mdomoni uisikie. Utaona jinsi ilivyo ndogo.

Tulikwenda Jumanne. Safari hii mimi ndiye niliyekaa benchini nikiwa mzima, na yeye akaitwa jina. Hofu niliyoisikia mlango ulipofungwa nyuma yake ilizidi ile ya kwangu mwenyewe. Nilisali, nikasahau maneno ya sala, nikaanza upya. Nilimwambia Mungu kwamba mtu huyu alinifunga kanga yake, basi amkumbukie hilo. Muda ulikwenda mno na mimi ninajua maana ya kukawia.

Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu. "Wamekuta," akasema. Nikasimama. "Kitu kidogo. Wanasema bado si saratani, ilikuwa inajiandaa. Wamegandisha kwa baridi, wamemaliza."

"Wamemaliza nini?"

"Wamemaliza, mtani. Nirudi mwaka kesho waangalie. Tumbo linanyonga kidogo kama siku za hedhi. Nina njaa."

Ilikuwa haijafika saa sita mchana. Asubuhi moja! Hakuna mionzi, hakuna beseni, hakuna kikao cha mjomba. Tulipanda basi la kurudi, na Chalinze akanunua mahindi mawili ya kuchoma, akala yote, langu na lake, akamtukana muuzaji, akaulizia kama kuna na nyama. Nikawa namtazama anavyotafuna na machozi yakaanza kunitoka. Niligeukia dirishani, lakini yalikuwa mengi.

Akaacha kula. Akanishika goti. "Usilie, mtani. Mimi mzima. Tazama, mzima kabisa."

Ningeweza kuitikia tu, ikaisha vizuri. Lakini mimi na yeye tulikuwa tumeshalipa sana kwa kutosemezana kweli.

"Sikulilii wewe," nikamwambia. "Nakuonea wivu."

Basi lilipita njia panda ya Ngerengere, likapita Mikese, milima ikaanza kuonekana upande wa kushoto, na yeye bado ameshika goti langu. Nilidhani nimemuumiza. Nilidhani anatafuta utani wa kunijibu. Tulipokaribia mjini alinigeukia, macho mekundu.

"Una haki," akasema.